Kabla ya kufungua sifoni ya evye, uliza nani alimwagamo nini



Wengi mnanijua kama mtu wa udongo na mihogo, kwa hiyo mtashangaa kuona leo naandika juu ya evye, ile beseni ya kuoshea vyombo jikoni. Lakini evye ya nyumba ninayopanga hapa Uvira ilinipa somo la kemia ambalo sikulipata kwa miaka yote ya lisansi, na alama yake bado iko kwenye mkono wangu. Najua wengi wetu tumeanza kupanga nyumba zenye jiko la ndani. Tulikulia kuosha vyombo ndani ya basani, nje, na maji machafu tunamwaga chini ya mgomba. Hakuna mtu alitufundisha nini cha kufanya siku maji yanakataa kushuka.

Ilikuwa Jumapili. Maji ya robine yalikuja usiku wa manane, tukajaza bidoni zote, tukarudi kulala. Asubuhi nakuta evye imejaa, maji yametulia, juu yake mafuta ya mawese yamegandamana kama ngozi. Nikamwita plombye mmoja kwa simu, akaomba dola kumi na tano. Nikajisemea: mtu mwenye lisansi anashindwa na tiyo ya plastiki? Nikaingia chini ya evye, nikaweka ndoo, nikaanza kufungua sifoni kwa mkono.

Maji yakanimwagikia kuanzia kiganja mpaka karibu na kiko. Yalikuwa yanateleza kama sabuni. Nikafikiri ni sabuni ya vyombo, nikaendelea. Dakika chache baadaye mkono ukaanza kuwaka, kwanza kidogo, kisha kama umegusa babula. Ndipo mdogo wangu akatokea mlangoni, bado na usingizi:

“Yaya, unafungua? Mimi nilitiamo soda jana usiku. Nilisahau kukuambia.”

Soda kostiki. Alinunua sokoni ndani ya kisashe, kwa mama mmoja anayeuzia watu wa kupika sabuni, akamimina yote, akalala. Wakati ule robine ilikuwa kavu. Kilichoniokoa ni zile bidoni tulizojaza usiku. Baadaye nilichukua karatasi ya pH iliyobaki toka kazi yangu ya shambani, nikaichovya ndani ya ndoo: ikawa buluu nzito kabisa, upande wa mwisho wa kipimo. Na uso wangu ulikuwa umbali wa mikono miwili tu toka hapo. Kama lingeruka tone moja kwenye jicho, nisingekuwa ninaandika habari hii kwa utani.

Kwa hiyo neno langu lote la leo ni hili: uchafu unaoziba evye ni kitu dhaifu, unaweza kuutoa kwa maji ya moto, pumzi na mikono. Kinachoumiza watu ni dawa zinazomwagwa kwa haraka, na watu wa nyumba moja ambao hawakuambiana.

NINI HASA KINAZIBA

Ukijua nini kiko ndani ya tiyo, utajua nini cha kufanya. Katika nyumba zetu za huku, kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni mafuta. Mawese huyeyuka kwenye nyuzi kama 35 hivi. Ndani ya sambaza au mchuzi wa moto ni maji, lakini yakifika kwenye tiyo yenye ubaridi, yanaganda. Mafuta ya ng’ombe ni mabaya zaidi, yanataka zaidi ya nyuzi 40 ili yayeyuke. Kila siku tabaka moja jembamba, mpaka tundu linabaki dogo kama kalamu.

Cha pili ni bugali. Mabaki ya bugali wa muhogo yanavimba ndani ya maji na kunata. Mtu anasugua sufuria, vipande vinashuka, vinashikana na yale mafuta.

Cha tatu ni nyuzinyuzi na vitu vigumu: nyuzi za sombe, magamba na vichwa vya ndagala, majani ya chai, mchanga wa kusugulia sufuria. Hivi ndivyo vinavyofanya kazi ya fito ndani ya ukuta wa udongo. Mafuta na bugali ni udongo, nyuzi ni fito. Hapo una ukuta kamili ndani ya tiyo.

Mahali vinapokamatana mara nyingi ni kwenye sifoni, ile tiyo iliyopinda chini ya evye au ile yenye umbo la chupa. Watu wengine wanafikiri fundi aliipinda kwa makosa. Hapana. Pale kwenye kona maji kidogo yanabaki daima, na yale maji ndiyo yanayozuia harufu ya shimo na mende kupanda mpaka jikoni. Usikubali fundi akuondolee sifoni na kuweka tiyo iliyonyooka eti isizibe tena. Haitaziba, lakini utaishi na harufu ya shimo.

KABLA YA KUGUSA KITU

Mambo mawili, na ndiyo ambayo mimi niliyaruka.

Uliza watu wote wa nyumba. Si kuuliza tu “nani alimwaga kitu?” maana kila mtu atajibu hapana, akidhani unatafuta wa kumlaumu. Uliza hivi: “Toka jana, kuna mtu alitia soda, javeli, asidi, au dawa yoyote ili ishuke?” Uliza dada wa kazi, uliza watoto, uliza jirani kama mnatumia tiyo moja. Kama jibu ni ndiyo, au kama hakuna anayejua, usifungue sifoni na usisukume na vantuzi. Ruka uende kwenye sehemu ya dawa hapa chini.

Pili, weka maji tayari kabla ya kuanza. Vitabu vya huduma ya kwanza vinasema: dawa kali ikikugusa, osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 20. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa watu ambao robine zao hazikauki. Huku kwetu fanya hesabu: ukimwaga litre 2 kwa dakika, kwa dakika 20 ni litre 40. Yaani bidoni mbili za litre 20, zimejaa, ziko karibu na mlango, kikombe juu yake. Kama huna bidoni mbili, subiri siku maji yanakuja. Evye haitakufa.

Vaa glavu za mpira kama unazo, vaa miwani, hata ile ya jua. Toa watoto jikoni. Fungua dirisha.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: punguza maji. Chota maji yaliyotuama kwa kikombe, tia ndani ya ndoo, ukamwage chooni. Toa kwa mkono mabaki yote unayoyaona kwenye tundu. Mara nyingine tatizo linaishia hapo: kipande cha mfupa au kijiko kidogo cha mtoto.

Hatua ya 2: maji ya moto, lakini si yanayochemka. Tiyo za PVC, zile za plastiki za kijivu au nyeupe ambazo ziko katika nyumba nyingi, zinavumilia mpaka nyuzi kama 60. Ukimwaga maji yanayotokota kwenye babula moja kwa moja, tiyo inalainika, maunganisho yanajinyonga, halafu unaanza kuvuja chini. Njia rahisi isiyotaka kipimo: changanya nusu maji yanayochemka na nusu maji ya kawaida ya bidoni. Utapata karibu nyuzi 60. Na kumbuka mawese yanataka 35 tu, mafuta ya ng’ombe 40 na kitu. Kwa hiyo 60 inatosha kabisa, huna sababu ya kuchoma tiyo. Tia kijiko cha sabuni ya vyombo kwenye tundu, mwaga litre 3 polepole, subiri dakika kumi, rudia.

Angalisho moja toka kwa mtu wa mihogo: kama kilichoingia ni unga mbichi wa muhogo, kwa mfano mtu ameosha chekecheke au basani ya unga, usianze na maji ya moto. Wanga wa muhogo huanza kuiva kati ya nyuzi 60 na 70 hivi. Utakuwa unapika bugali ndani ya tiyo. Kwa unga mbichi anza na maji baridi na kusukuma.

Hatua ya 3: kusukuma. Vantuzi, ile pira ya duara yenye mpini wa mti, inauzwa kwa watu wa kenkayi, bei yake haifiki ya kumwita fundi. Evye iwe na maji yanayofunika ile pira. Ziba kwa kitambaa kilicholowa kile kitundu cha juu kinachozuia evye isifurike, maana bila hivyo pumzi yote inatokea pale. Kama evye ina matundu mawili, ziba la pili pia. Kisha shindilia na kuvuta mara 15 au 20, bila kuinua pira. Kuvuta ni muhimu kama kushindilia: unatikisa ule ukuta mbele na nyuma mpaka unavunjika. Kama huna vantuzi, chukua chupa laini ya plastiki, ijaze maji ya uvuguvugu, zungushia kitambaa shingoni, iingize kichwa chini kwenye tundu na uibane kwa nguvu.

Hatua ya 4: kufungua sifoni. Hii ndiyo kazi ambayo watu wanaiogopa bure. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa, ili ukumbuke kila kipande kilikaa wapi. Weka ndoo chini. Zile kokwa kubwa za plastiki zinafunguliwa kwa mkono, kuelekea kushoto. Kama imekaza, funga kitambaa kikavu upate kushika vizuri. Koleo la chuma linapasua plastiki. Ukifungua, weka uso pembeni, si chini yake. Toa mapira membamba ya kuzuia maji, yaweke mahali pamoja, maana likipotea moja itavuja. Safisha kila kipande ndani ya basani kwa sabuni na burashi ya zamani ya meno.

Na tafadhali: ukimaliza usiinue ile ndoo ukaimwage ndani ya evye. Unacheka, lakini mimi nilifanya hivyo siku niliporudia kazi. Sifoni ilikuwa bado mkononi, maji yote yakaanguka miguuni.

Kabla ya kurudisha sifoni, mwaga kikombe kimoja cha maji kwenye tiyo inayoingia ukutani. Yakishuka, umemaliza. Yakirudi, kizuizi kiko mbele. Chukua waya unaopindika, kwa mfano waya wa umeme wenye ganda lake, pinda ncha yake iwe kama ndoana ndogo isiyokwaruza, ingiza polepole ukizungusha, kisha vuta. Usisukume kwa hasira, utapeleka uchafu mbali zaidi.

Rudisha vipande kwa kufuata picha, kaza kwa mkono tu, mwaga maji, pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, kiungo kinavuja: fungua, tazama pira limekaa vizuri, funga tena.

KAMA TATIZO SI TIYO

Kuna jambo moja la mji wetu ambalo mafundi wa kwenye video za intaneti hawalijui. Wote tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka njia yake, na tunakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda 2021 na tena 2024 mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi yanapanda pia. Shimo la maji machafu lililochimbwa karibu na ziwa linajaa toka chini, bila mtu kulijaza.

Utajua vipi? Evye, mahali pa kuogea na choo vyote vinachelewa siku moja. Unasikia tiyo inatoa sauti ya guluguluguu. Mvua ikinyesha inakuwa mbaya zaidi. Hapo hata ukimwaga soda ya dunia nzima, maji hayana mahali pa kwenda, na dawa yako itarudi miguuni. Huo ni wakati wa kuzungumza na mwenye nyumba, kwa heshima lakini kwa wazi: “Mama, tiyo ni safi, nimeifungua mwenyewe. Shimo ndilo limejaa.” Ukiwa umefungua sifoni, una ushahidi.

DAWA: SODA, ASIDI, JAVELI

Sasa tuje kwenye kitu kilichonichoma.

Soda kostiki si uchawi. Ni ile ile ambayo mama zetu wanachanganya na mawese kupika sabuni. Ikikutana na mafuta inayageuza kuwa sabuni. Ndiyo sababu maji yale yalikuwa yanateleza mkononi: ilikuwa imeanza kupika sabuni kwa mafuta ya ngozi yangu. Ni hatari ya kipekee, kwa sababu haiumi palepale. Moto unauachia kwa haraka, soda unaendelea kushika ukidhani ni povu.

Kisha fikiri kama mpika sabuni: mawese na soda vikikaa mahali pamoja vinafanya nini? Vinaganda. Ndani ya tiyo iliyosimama, soda nyingi na mafuta mengi vinaweza kukupa kipande cha sabuni ngumu mahali ambapo kulikuwa na mafuta laini. Ndicho nilichokuta kwenye sifoni yangu. Chini kabisa palikuwa na punje za soda ambazo hazijayeyuka, zinangoja mkono wa mtu.

Kama umeamua kuitumia licha ya yote, mambo haya hayana mjadala:

Soda inaingia ndani ya maji baridi, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya soda. Soda ikiyeyuka inatoa joto kali, na maji kidogo juu ya soda nyingi yanachemka ghafla na kuruka usoni.

Usiiyeyushe ndani ya sufuria ya aluminiamu, na sufuria nyingi za sokoni kwetu ni za aluminiamu. Soda inakula aluminiamu, inachemka, inatoa hewa ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na wewe babula iko pembeni. Tumia ndoo ya plastiki.

Usichanganye na kitu kingine chochote. Soda na asidi ya batri vikikutana vinalipuka kwa joto. Nimeona vijana wanamwaga asidi ya batri kwenye tiyo baada ya soda kushindwa. Ni kama kuweka mtego na kuusahau.

Na javeli, ambayo tunaiona kama maji ya kusafisha tu: javeli ikikutana na asidi, hata ndimu au siki, inatoa hewa ya klorini. Ni hewa hiyo hiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia askari mjini Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jikoni kwako haitakuwa kiasi kile, lakini chumba kidogo chenye dirisha limefungwa kinatosha kukuharibu mapafu. Javeli na mkojo pia vinatoa hewa mbaya, kwa hiyo usimwage javeli mahali ambapo watoto wanakojolea usiku.

Watu wataniuliza juu ya siki na bikabonati, ile ya kwenye video. Haina hatari kubwa mradi usizibe tundu, lakini nguvu yake ni ndogo. Sisi wa agronomia tunajua: ukitia chokaa kwenye udongo wenye asidi, vinapunguzana nguvu. Siki na bikabonati ni hivyo hivyo. Povu linafurahisha macho, na baada ya dakika mbili umebaki na maji yenye chumvi. Mafuta yanakutazama tu.

Kama mtu amekwisha kumwaga dawa na maji hayashuki: acha vantuzi, acha sifoni, usiongeze dawa nyingine. Fungua madirisha, funga jiko watoto wasiingie. Kama yanashuka kidogo, ongeza maji baridi polepole, mengi, kwa muda mrefu. Kama hayashuki kabisa, mwite fundi, na umwambie kabla hajainama: ndani kuna soda. Yule plombye wa dola kumi na tano ana watoto wake na macho yake. Kumficha ili asiongeze bei ni kumtega.

DAWA IKIKUGUSA

Ngozi: vua nguo zilizolowa, vua saa na pete, mwaga maji mengi papo hapo, dakika 20 au zaidi. Usipake ndimu eti ipambane na soda, usipake mawese, usipake dawa ya meno. Maji tu.

Jicho: lala ubavu ili jicho lililoguswa liwe chini, mtu mwingine ashikilie kope zifunguke, mwaga maji safi taratibu dakika 20 au zaidi bila kukatiza, kisha hospitali, hata kama unaona vizuri. Soda inaendelea kuingia ndani ya jicho wakati wewe unafikiri imekwisha.

Kumeza: usimtapishe mtoto. Kilichochoma koo wakati wa kushuka kitachoma tena wakati wa kupanda. Mpanguse na kumsuuza kinywa, mkimbize hospitali, na mbebe ile chupa au sashe ili daktari aione. Na ndiyo maana tabia yetu ya kuweka soda au asidi ndani ya chupa ya maji au ya limonadi lazima iishe. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, anajua tu kwamba ile chupa huwa na kitu kitamu.

Hewa: ukisikia macho na koo vinachoma, acha kila kitu, toka nje kwanza. Usirudi kufunga chupa.

ILI ISIRUDI

Panguza sufuria na sahani zenye mafuta kwa karatasi ya zamani au jani kabla ya maji kuzigusa. Hili peke yake linaondoa nusu ya kazi. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha, yaache yapoe, tia ndani ya chupa. Wapika sabuni wa mtaa wanaweza kuyahitaji. Weka kichungio cha chai cha zamani kwenye tundu. Msitumie kipande cha chandarua chenye dawa: dawa yake ni sumu kwa samaki. Mabaki ya sombe, bugali na maganda tupeni kwenye kishimo cha mboji na majani makavu. Hapo mtu wa agronomia ndani yangu anafurahi. Mara moja kwa juma, litre tatu za yale maji ya nusu kwa nusu. Basi.

Na tusisahau mwisho wa ile tiyo. Maji yetu machafu yanashuka mfereji kwa mfereji mpaka Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1470, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake inaondoka kwa kupanda juu na jua, na jua halibebi uchafu. Kinachoingia kinakaa. Ndagala tunayomla ndimo anamoishi, na mji wetu unajua kolera vya kutosha ili tusimwage maji ya sifoni kwenye mfereji wa njiani.

Mdogo wangu nilimkasirikia siku mbili. Kisha nikajiuliza: nani alimwambia kwamba soda inachoma? Nani alimwambia kwamba lazima aseme? Hakuna. Mimi mwenye lisansi nilikuwa nalala chumba cha pili na elimu yangu kichwani. Sasa tumebandika karatasi juu ya evye, imeandikwa kwa bic nyekundu: “Ukimwaga dawa, sema.” Mkono umepona, imebaki alama ya rangi ya chai. Na soda iliyobaki nilimrudishia yule mama wa sokoni, ndani ya ndoo yake yenye mfuniko, kwa watu wanaojua kuipika.

Mwambieni mtu mmoja nyumbani kwenu leo, kabla ya kuosha vyombo vya jioni.